Nani hasa ana gari la spoti huku Nyanda za Juu Kusini?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: wanaomiliki magari ya kifahari ya spoti wana umri gani, na pesa zao zinatoka wapi? Kwa ufupi, wengi ni watu wazima waliokwisha vuka miaka 40, na pesa zao ni za biashara au shamba, mara chache sana za mshahara. Kwa urefu itabidi tupige hesabu, maana kulinunua gari la namna hii ndiyo sehemu nyepesi.

Tuanzie kiwandani. Mwaka 2024 Ferrari walikabidhi magari 13,752 dunia nzima. Mkuu wa kampuni hiyo, Benedetto Vigna, alisema mwanzoni mwa 2025 kwamba asilimia 40 ya wateja wapya wana umri chini ya miaka 40. Kauli hiyo imezunguka sana mitandaoni na wengi wameibeba vibaya. Inahusu wateja wapya peke yao, ilhali magari mengi ya Ferrari huuzwa kwa watu ambao tayari wana Ferrari nyingine nyumbani. Isitoshe, Ulaya na Marekani kijana wa miaka 28 unayemwona ndani ya Porsche huenda hata si mmiliki. Uingereza, kwa mfano, mtu hutoa malipo ya awali, hulipa kila mwezi kwa miaka mitatu au minne, na mwishoni hurudisha gari au hulipa fungu kubwa lililobaki ili liwe lake. Akilirudisha, alichokuwa analipia ni thamani iliyoshuka pamoja na riba. Picha atakuwa ameshapiga.

Kwetu wengi hununua kwa fedha taslimu au kwa mkopo wa benki. Ndiyo maana umri wa mwenye gari hufuata muda ambao pesa yake imechukua kuiva. Aliyepanda misindano (miti ya mbao) Mufindi akiwa na miaka 30, na akataka mbao zilizokomaa zenye bei, hakati kabla ya mwaka wa 15 au zaidi; pesa inamkuta na miaka 45 kwenda juu. Parachichi ya Hass iliyobebeshwa, huko Njombe au Rungwe, huanza kuzaa mwaka wa tatu na kutoa mzigo wa maana kuanzia mwaka wa tano, kwa hiyo mkulima wake anaweza kuwa kijana wa miaka 35. Mpunga wa Mbarali ni pesa ya msimu mmoja, lakini faida yake iko kwa mwenye ghala anayenunua wakati wa mavuno na kuuza bei ikishapanda. Biashara ya mpakani Tunduma na dhahabu ya Chunya ndizo zinazotoa wenye magari wadogo kabisa kwa umri. Ndizo pia zinazotoa magari mengi yanayouzwa kwa haraka, namba bado mpya, bei ya kutupa.

Mshahara ni habari nyingine. Mwajiriwa habanwi na benki pekee. Kanuni inataka baada ya makato yote abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Chukua mkopo wa Sh milioni 60 kwa miaka mitano na riba ya mfano ya asilimia 16 inayopungua kadiri deni linavyopungua: rejesho ni karibu Sh 1,460,000 kila mwezi, na jumla utakayorudisha inapita milioni 87. Na hiyo milioni 60, kama tutakavyoona, haitoshi hata kulitoa gari bandarini.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanaangalia bei ya mnada wa Japani peke yake. Mamlaka ya Mapato (TRA) wanakokotoa kodi kwa thamani wanayoikubali wao, si lazima ile ya ankara yako. Kwa gari la injini inayozidi cc 2,000 (lita 2), ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini. Juu ya jumla hiyo unawekwa ushuru wa bidhaa asilimia 10. Gari likiwa na miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu. Likizidi miaka 10 ni asilimia 30. Halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote.

Tuseme gari lenye umri wa miaka 12 limefika likiwa na thamani ya Sh milioni 60. Forodha milioni 15, inakuwa 75. Ushuru wa bidhaa milioni 7.5, uchakavu milioni 22.5, inakuwa 105. VAT milioni 18.9. Umefika milioni 123.9, bado tozo ndogondogo, usajili, wakala na mafuta ya kulileta Mbeya. Sasa chukua gari la aina hiyohiyo lenye miaka 7, thamani milioni 75. Uchakavu haupo, na hesabu inaishia karibu milioni 121.7. Umelipa ghali zaidi Japani, umetoka bandarini kwa nafuu, na una gari jipya zaidi kwa miaka mitano. Mtu anayenunua la zamani kwa sababu “ni la bei poa” hajafanya hesabu hii, na madalali hawatamfanyia.

Baada ya hapo kuna gharama za kila mwaka. Leseni ya mwaka ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo mwenye injini ya lita 3.6 anailipa kila anapoingia kituoni, na anaingia mara nyingi. Bima kubwa ukiikadiria kwa asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 124 linakula Sh milioni 4.34, na ukiongeza VAT unapita milioni 5.1. Oili ya Porsche 911 ni lita nane hivi kila unapomwaga, mara mbili ya zile za gari la kawaida la familia, na si ya kudaka dukani popote. Makadirio yetu ni kwamba mwenye gari la aina hii atenge asilimia 8 hadi 10 ya thamani yake kila mwaka kwa bima, matairi, breki na matengenezo, mbali na mafuta. Asiye na fungu hilo ndiye unayeona gari lake limefunikwa turubai uani mwaka mzima.

Mazingira yetu nayo yana kauli. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Injini ya 911 Carrera ya mwaka 2006, lita 3.6, ilitoka kiwandani na nguvu ya farasi 325. Uyole inabaki na kama 270. Subaru Impreza WRX ya kijana wa Mwanjelwa, kwa kuwa ina tabo, haipotezi kiasi hicho. Matuta ndiyo kesi kubwa zaidi. Magari mengi ya spoti yana sentimita 10 hadi 13 tu chini ya bodi, na barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, ina matuta karibu kila kijiji. Ukilazimika, vuka tuta kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, mguu umeutoa kwenye breki wakati pua inashuka; breki huinamisha bampa la mbele na hapo ndipo linapochanika. Tairi jembamba ubavuni, mfano 295/30 (ubavu ni asilimia 30 tu ya upana wa tairi), halina mto wa kumeza shimo, kwa hiyo rimu ndiyo hupasuka. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 3517 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Kashata (meno ya tairi) bado nzuri, mpira umeshakufa.

Kuhusu vimeo, yaani ubovu unaojulikana wa magari haya, viwili vinastahili kutajwa. Porsche 911 nyingi za kati ya 1999 na 2008, ukiacha Turbo na GT3, zina beringi ndani ya injini, kwenye shafti ya kati inayozungusha kemushafti (shafti inayofungua valvu). Ikifa, vipande vyake vinaingia kwenye oili na injini inanoki. Ni mojawapo ya sababu zilizoshusha bei ya miaka hiyo sokoni. Kabla ya kulipa, mwambie fundi afungue chujio la oili, akate karatasi yake na kuichunguza kwenye mwanga: vumbi la kumetameta la chuma maana yake ondoka. Kuanzia toleo la 2009 injini ilibadilishwa na beringi hiyo haipo. Kwa Subaru zenye injini ya EJ, mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 au mapema zaidi, pamoja na rola zake na pampu ya maji. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa na upunguze bei.

Ukinunua kwa mtu hapa nchini, uliza kadi ya gari kabla hata ya kufungua boneti. Gari lililonunuliwa kwa mkopo mara nyingi husomeka jina la benki pamoja na la mtu. Ukiona hivyo, malipo yafanyikie benki, deni lifutwe mbele yako, na usitoe hata shilingi ya kianzio mpaka benki itoe barua ya kuliachia gari.