Fomula za kwanta: nikariri au niache?

SWALI: Nasoma fizikia mwaka wa pili. Daftari langu la mekanika ya kwanta limejaa fomula. Nazikariri usiku, nikiingia kwenye mtihani zinachanganyikana. Wenzangu wanasema niache kabisa kukariri, nielewe tu. Nishike lipi?
– Mwanafunzi

JIBU: Usiache kabisa. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 ndio msingi wenyewe, huna pa kuukokotoa, ukariri. Vivyo hivyo opereta ya momenta, p = −iħ d/dx, na uhusiano wake na mahali x, [x, p] = iħ. Ongeza mbili za matumizi ya kila siku: hc = 1240 eV·nm (kiwango cha Planck mara kasi ya mwanga), na nishati za haidrojeni, −13.6/n² eV, n ikiwa namba ya ngazi. Elektroni ikishuka ngazi ya 3 hadi ya 2, hutoa 13.6 × (1/4 − 1/9) = 1.89 eV. Gawa 1240 kwa 1.89, unapata urefu wa wimbi wa nanomita 656: ule mstari mwekundu wa haidrojeni.

Zinazobaki, nyingi zijenge mwenyewe. Chukua chembe iliyofungiwa kwenye boksi lenye upana L. Ndani yake lazima zienee nusu-wimbi kamili, kwa hiyo urefu wa wimbi ni λ = 2L/n. Basi p = h/λ = nh/2L, na E = p²/2m = n²h²/8mL². Mistari mitatu, kwisha.

Anayekariri bila masharti hunaswa hapahapa. Ameshika ψ = √(2/L) sin(nπx/L), fomula ya wimbi la chembe kwenye boksi linaloanzia x = 0. Mtahini analisogeza, likaanzia −L/2 hadi L/2. Mwanafunzi anaandika sin ileile kwa n = 1, na ukutani, x = L/2, anapata sin(π/2) = 1, wakati pale ψ lazima iwe sifuri. Jibu sahihi ni cos(πx/L). Nishati hazibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo kila fomula unayoiandika daftarini, andika pembeni kuta ziko wapi na n inaanzia ngapi.

Kwenye opereta za ngazi (a na a†, zinazoshusha na kupandisha ngazi za nishati za kitu kinachotetema kama springi), wengi hukwama kati ya √n na √(n+1). Jaribu na ngazi ya chini kabisa, n = 0: a inayoshusha lazima itoe sifuri, hivyo √n ni yake; a† inayopandisha inachukua √(n+1).

Polinomia za Hermite na Laguerre, zile fomula ndefu za mawimbi ya springi na ya haidrojeni, zisikuumize kichwa kabla hujamuuliza mwalimu kama mtihani unakuja na jedwali.