“Huenda” na “Bila Shaka” kwenye Tasnifu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uzamili hapa Mbeya. Nilihoji wakulima 40 wa viazi mviringo kule Isyonje. Kati yao 31 walipanda mbegu walizobakiza msimu uliopita, na 28 kati ya hao walipata mnyauko. Nikaandika: “Mbegu za kubakiza husababisha mnyauko.” Msimamizi akapiga wino mwekundu: “Una uhakika gani?” Nikarekebisha: “Huenda inawezekana mbegu zikawa zinachangia kwa kiasi fulani.” Safari hii akaandika: “Unamwogopa nani?” Nishike lipi?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi mara zote mbili, ingawa angeongeza maneno matano tu usingepoteza wiki.

Kosa la kwanza limejificha kwenye “hu”. Ukisema “husababisha”, umeshazungumzia Isyonje, Makete, Njombe na viazi vya mwakani ambavyo havijapandwa. Wewe ulikwenda sehemu moja, msimu mmoja. Kinachokufaa ni “li”: “Kati ya wakulima 31 waliopanda mbegu za kubakiza, 28 walipata mnyauko.” Hapo usitie “huenda” hata moja. Ulihesabu mwenyewe, tope likiwa miguuni.

Tahadhari ipeleke kwenye sababu. Mnyauko wa viazi huletwa na bakteria, na bakteria hao husafiri ndani ya mbegu, lakini pia hukaa ardhini na hushuka na maji ya mvua. (Naona unacheka: mbona mimi natumia “hu”? Kwa kuwa hayo yamechunguzwa na wengi, katika nchi nyingi, kwa miaka mingi.) Basi mkulima wa bondeni anaweza kuletewa ugonjwa na maji ya shamba la jirani aliye juu yake, mbegu zake zikiwa hazina kosa. Andika: “Inaelekea mbegu za kubakiza zilichangia mnyauko huo, ingawa udongo haukupimwa.” “Inaelekea” moja inatosha. “Huenda”, “inawezekana” na “kwa kiasi fulani” katika sentensi moja ni makoti matatu, na hata Kitulo mwezi wa saba sijaona mtu aliyevaa hivyo. Hayo maneno “ingawa udongo haukupimwa” ndiyo yenye thamani, maana yanamwonyesha msomaji shaka yako imekaa wapi.

“Inasemekana” ifute popote ilipo. Nani kasema?

Nami niliwahi kuumbuka, ila kwa upande wa pili. Tasnifu yangu ilijaa “bila shaka”, mpaka mtahini mmoja akaniuliza mbele ya watu: “Kwani kuna aliyekuwa na shaka?” Nilirudi Iringa nikazifuta zote, na hakuna hoja hata moja iliyoanguka. Zile mbili zilizokuwa dhaifu zilikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Ila kuna jambo hukuniambia. Wakulima 9 waliobaki, ambao hawakupanda mbegu za kubakiza, viazi vyao vilikuwaje? Kama nao 8 walipata mnyauko, hata hiyo “inaelekea” yangu ni kubwa mno. Fungua daftari lako uwatafute kabla hujarudi kwa msimamizi.