Ukungu wa bafuni unarudi kila masika

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimepanga nyumba hapa Tanga, si mbali na bahari. Kila masika dari na kona za bafu zinaota madoa meusi. Nayasugua kwa Jiki yanaondoka, lakini baada ya muda mfupi yamerudi palepale. Mwenye nyumba anasema atapiga rangi ya mafuta juu yake yaishe. Mwanangu ana pumu. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mzuie asipige hiyo rangi. Ukungu ukifunikwa unaendelea chini kwa chini, na rangi ya mafuta inafungia unyevu ukutani mpaka inavimba na kubanduka.

Jiki kwenye vigae inafanya kazi vizuri. Kwenye lipu na jipsamu, maji yake yanazama ndani na dawa inaishia juu. Weusi unatoka, mizizi inabaki imenyweshwa. Kwa hiyo tafuta maji yanakotoka.

Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha foili ya jikoni, kizibe kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta majimaji upande uliogusa ukuta, yanatoka ukutani: bomba linavuja, paa linapitisha, au lipu ilipigwa kwa mchanga wa baharini. Mchanga huo nimegombana nao na wajenzi wengi wa pwani. Chumvi yake inavuta unyevu hewani, ukuta haukauki hata kiangazi. Ukiona na unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji, huo si ukungu, ni chumvi. Lipu hiyo ibanduliwe, ipigwe upya kwa mchanga wa mto.

Foili ikilowa upande wa nje tu, tatizo ni mvuke wa kuogea usio na pa kutokea. Kama dirisha limezibwa kwa nailoni kwa ajili ya mbu, toa nailoni, weka wavu. Ila masika hewa ya nje nayo imejaa maji, dirisha peke yake halitoshi. Wa mwisho kuoga akaushe kuta na sakafu, aache mlango wazi, feni ielekezwe bafuni. Nguo mbichi zisianikwe humo.

Dari ibonyeze kwa kidole. Kama ni jipsamu na imelainika, usihangaike kuisugua: karatasi inayoifunika ndiyo chakula cha ukungu. Ikatwe, ziwekwe bodi za plastiki.

Siku ya kusugua, mtoto asiwepo nyumbani. Vaa barakoa na glavu, lowesha madoa kwanza yasirushe vumbi. Na tafadhali sana, Jiki usiichanganye kamwe na siki wala dawa kali ya chooni. Inatoka gesi inayounguza mapafu, na chumba chenyewe ni kidogo.

Ukuta ukishakauka, rangi ya zamani ikwanguliwe, na sehemu zisizorukiwa maji zipakwe chokaa. Ukungu hauipendi, na ukuta unapumua. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Unguja, zilipigwa lipu ya chokaa.

Bomba, paa na lipu ni gharama za mwenye nyumba, usizibebe wewe. Mwite kabla hujaibandua foili, aibandue kwa mkono wake.