Maswali ya Wasomaji: Mbona Hatukumwona Nzohe?

*Tulizuru Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, tukiwa na kiongozi. Tulitembea kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba, tukaimaliza njia yote, na nzohe, yule swala wa kinamasi aitwaye pia sitatunga, hatukumwona hata mmoja. Je, wamekwisha? Msomaji, Eldoret*

Hawajaisha. Mlikwenda saa mbaya, na mlitembea mno.

Saiwa ndiyo mbuga ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa Kenya. Haifiki kilomita 3 za mraba, nayo ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe hasa. Kwa hiyo hamkumkosa kwa kuwa alikuwa mbali. Yamkini mlimpita hatua chache tu. Jua likishapanda, nzohe hulala katikati ya matete, juu ya tandiko alilojitengenezea kwa kuzungukazunguka akikanyaga majani mpaka yakalaliana juu ya maji. Akihisi hatari, mara nyingi hatimki mbio. Huganda, au hujitosa majini taratibu akabakiza pua. Nyinyi mnapita mkiangaza macho, yeye anawasikiliza mkienda zenu.

Safari ijayo fikeni langoni saa 12 asubuhi, na mwambieni kiongozi awapeleke moja kwa moja kwenye mnara wa kutazamia. Kufika saa 12 na nusu muwe mmeshaketi juu, na msishuke kabla ya saa mbili. Mkikosa, rudini saa kumi alasiri mkae mpaka karibu na kufungwa. Nzohe hutoka kula nyakati hizo mbili.

Mkiwa juu, msitafute swala mzima, kwa sababu hamtamwona. Matete husimama wima, basi kila mstari uliolala ni wa kukaguliwa: huenda ni mgongo. Tafuteni sikio linalofukuza nzi, au vichwa vya matete vinavyotikisika mahali pamoja na hali upepo umetulia. Ligaweni eneo vipande, anzeni ukingo wa karibu kwenda wa mbali, kila kipande dakika mbili, kisha rudieni. Kipande kilichokuwa kitupu dakika kumi zilizopita huwa kina mnyama sasa, maana ameinua kichwa.

Darubini ya 8x42 inatosha kabisa. Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaokusanya mwanga wa alfajiri. Zile ndogo za 8x25 huonyesha giza saa hiyo, na ukuzaji mkubwa kama wa 12 hutikisika mkononi. Ukiona kitu, usiondoe jicho: kikazie macho huku ukiipandisha darubini usoni. Wengi huinamisha kichwa kuitafuta darubini, na wakiinua wameshapoteza pahali.

*Kiongozi alituonyesha swala akasema ni pongo, si nzohe. Mimi niliona wamefanana. Nitawatofautishaje? Msomaji, Webuye*

Wanafanana kwa sababu ni wa jamii moja, na wote wana mistari na madoa meupe. Tazama umbo kwanza. Nzohe ni mkubwa zaidi, manyoya yake ni marefu na kama yana mafuta, na makalio yamepanda kuliko mabega, hivyo akitembea huonekana ameinama. Pongo ni mdogo, manyoya yake ni mafupi, naye hupenda vichaka vya ukingoni kwenye ardhi kavu. Kwa wote wawili jike hana pembe, kwa hiyo usitegemee pembe.

Kwenye tope hakuna ubishi. Kwato za nzohe ni ndefu na nyembamba, zaidi ya sentimita 10, na zimepanuka kama vidole viwili vilivyoachanishwa. Ndizo zinazomzuia asizame. Za pongo ni fupi na zimebanana.

*Karasinga je, yule tumbili mwenye ndevu nyeupe? Nasikia yupo huko Saiwa, ila haonekani. Msomaji, Kakamega*

Yupo, na kosa la wageni ni kutazama vileleni kana kwamba wanatafuta mbega. Karasinga hukaa chini chini, kwenye miti iliyoinamia mto, na hushuka ardhini kula. Akishtuka hutulia tuli kwa muda mrefu sana, mgongo wake wa kijivu ukafanana na gome. Mafichuo yake ni rangi mbili: ndevu nyeupe, na utepe wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso. Akikaa ubavu utaona pia mstari mweupe pajani. Simameni mahali pamoja robo saa bila kunyoosha vidole. Mkono unaoinuka ghafla ndio unaomgandisha. Dume la kundi hutoa mngurumo mzito wa chini. Ukiusikia, usiufuate, subiri.

*Nivae nini, na ni miezi gani njia haina utelezi? Msomaji, Nairobi*

Desemba mpaka Februari ni pakavu zaidi. Beba sweta, kwani mbuga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na alfajiri kuna baridi. Chagua kijani kilichofifia au kahawia, si koti la nailoni linalochakarisha. Chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Simu izimwe hata mtetemo.

Kwenye njia ya mbao, achaneni mita mbili, na utue na mbele ya wayo kabla ya kisigino. Ubao ukiwa na ukungu wa kijani, kanyaga penye safu ya misumari: hapo chini pana boriti, na ubao haunesi wala haulii.