Muulize Anti: Nataka kwenda Paris, hosti mama kanuna

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vijana wetu walioko Ujerumani kama au pair, yaani wanaishi na familia ya huko wakiangalia watoto kwa posho (mama wa hiyo familia ndo wanamwita hosti mama), na karibu zote zinazunguka jambo moja, wikendi. Nimechagua chache. Majina hatuweki, kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo anti. Mi nina miaka 22, kwetu Moshi, niko kijiji kimoja karibu na Karlsruhe naangalia watoto wawili. Kuna wenzangu tumejuana darasa la Kijerumani, mmoja Mkenya, mmoja Mkolombia na mwingine anatoka Georgia, wamepanga twende Paris wikendi ya mwisho wa mwezi, tunaondoka ijumaa usiku kwa basi tunarudi jumapili usiku. Nilipomwambia hosti mama hakusema hapana ila alinuna, akasema jumamosi usiku yeye na mumewe walishapanga kutoka. Posho yangu ni euro 280 na hapohapo natuma nyumbani kidogo. Sasa sijui, kwanza naruhusiwa kweli kutoka Ujerumani na kibali hiki? Na nikienda si nitaonekana sina shukrani? Nijibu haraka anti maana wenzangu washaanza kuulizia tiketi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na kibali maana hilo ndo jepesi. Kibali chako cha kuishi Ujerumani, au ile visa ya kitaifa uliyoingia nayo kama kadi bado haijatoka, kinakuruhusu kutembelea nchi zote za Schengen, zile nchi za Ulaya zilizokubaliana watu waingiane bila visa ya kila nchi, mradi usizidishe siku 90 ndani ya kila siku 180, na ni matembezi tu, ukiambiwa kuna kazi ya siku mbili huko kataa. Ufaransa imo. Ila utembee na pasipoti yenyewe pamoja na kadi, picha ya kwenye simu haikusaidii kitu. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo hiyo jumapili usiku mnarudi, basi zima limelala, mara linasimama pembeni, taa zinawashwa, askari wanapita kiti kwa kiti wanaangalia pasipoti, na yule aliyeacha kadi yake kwenye droo ndo anayeshushwa na begi lake kwenda kujieleza kwa Kijerumani cha A1, ngazi ya wanaoanza. Halafu muulize hosti mama bima yako inafanya kazi nje ya Ujerumani au vipi, usomewe kabisa ile karatasi.

Sasa huyo hosti mama. Sheria ya huko ni kwamba au pair anafanya masaa yasiyozidi 6 kwa siku na 30 kwa wiki, na kubaki na watoto usiku wazazi wakitoka nako kunahesabiwa humohumo. Mapumziko ni siku moja na nusu kila wiki, na angalau jumapili 1 kwa mwezi iwe yako nzima. Umeona tundu lilipo? Hakuna palipoandikwa kwamba hiyo siku moja na nusu lazima iangukie jumamosi na jumapili. Kwa hiyo ukimwambia wikendi ni haki yangu unakuwa sawa nusu tu, na yeye anayo nusu yake. Wikendi nzima toka ijumaa jioni ni mapatano, na mapatano na Mjerumani yanafanywa mapema, kinachomkera huyo mama nadhani ni kushtukizwa tu wala sio safari yenyewe. Pale jikoni kwao nna hakika kuna kalenda ukutani, kila mtu na safu yake, miadi ya daktari wa meno ya mtoto imeandikwa miezi mitatu kabla. Omba uwe na safu yako. Sisi tumelelewa kumuomba mkubwa kwa kuzunguka, unaanza na habari za asubuhi, unaosha vyombo ambavyo hata sio zamu yako, ukimuona amefurahi ndo unachomekea, sasa huyo mwenzio ukimzungukia anahisi kuna kitu unaficha. Sema moja kwa moja, tarehe fulani mpaka tarehe fulani naomba nisafiri, ninyi mna mipango gani? Akikubali chukua kalamu uandike palepale mbele yake.

Kwa wikendi hii maoni yangu ni umuachie jumamosi yake, na leo leo muandike tarehe ya mwezi ujao. Wenzako wakiweza kusogeza wasogeze, wasipoweza waende, Paris haihami. Na hilo la shukrani liweke pembeni kabisa, una mkataba, unawaamsha watoto wao na kuwavalisha na kuwapeleka chekechea kwenye baridi, hakuna aliyekuokota.

Ila jumapili hiyo usikae ndani unakodolea status za wenzio. Nenda Strasbourg, nayo ni Ufaransa na toka hapo kwenu ni karibu. Kama una Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima, unapanda treni za mkoa mpaka Kehl, kituo cha mwisho upande wa Ujerumani, halafu unavuka mto Rhine kwa miguu kwenye daraja lisiloruhusu magari, au unakata tiketi ya tramu D inayokupeleka mpaka mjini. Kanisa kuu la pale lilikuwa ndo jengo refu kuliko yote duniani toka 1647 mpaka 1874, kuingia ndani hulipi. Pasipoti beba hata kama ni kuvuka daraja tu.

Kuhusu hiyo tiketi, ilianza 2023 kwa euro 49 na tangu Januari 2026 ni 63, kwa posho ya 280 hiyo ni karibu robo, kwa hiyo kabla hujaikata muulize hosti mama kama wanakulipia, familia nyingi zinalipa hasa kama unaitumia kwenda darasani. Inaingia treni za mkoa, S-Bahn, tramu na mabasi ya mjini nchi nzima, ICE na IC, zile treni za masafa marefu, huingii nayo, ukikamatwa huna tiketi sahihi faini inaanzia euro 60. Na inajirudia yenyewe kila mwezi, ukitaka kuisitisha ufanye kabla ya tarehe 10 la sivyo mwezi unaofuata unakatwa tena, wengi wanaliwa hapo.

Siku ya Paris yenyewe ikifika, kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. We una chini ya miaka 26 na unaishi Ulaya kisheria, basi Louvre unaingia bure, na makumbusho mengine ya serikali ya Ufaransa kama Orsay vilevile, kitambulisho chako ni hiyohiyo kadi ya kibali. Wenzako watatu nao ni hivyohivyo kama hawajafikisha 26. Louvre weka nafasi ya saa mtandaoni kabla hamjaondoka, na jumanne wanafunga. Ukipanda kule kanisa la Sacré-Cœur kuna jamaa wanauza vile vikuku vya nyuzi, wakikuona tu mweusi mwenzao wanakuita "hakuna matata!", usiruke ukadhani umepata ndugu, akishakufunga kidoleni anataka hela, mikono mfukoni pita. Na mkichoka mikate shukeni metro ya Château Rouge, soko la Waafrika, Wakongo wamejaa, ndizi za kupika zipo, pondu (kisamvu) ipo, bei ya Paris lakini roho inatulia.

SWALI: Anti habari, mimi ni kijana wa kiume natoka Nakuru, ndio, wavulana pia tuko, niko Hamburg. Tulipanga watu wanne twende Berlin, kadi ya kulipia mtandaoni ni yangu pekee iliyokuwa inafanya kazi nikabuk hosteli ya wote. Usiku wa kuamkia safari mmoja akasema hajisikii vizuri, mwingine alienda lakini kila nikimuuliza pesa anasema mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi umepita na akaenda Prague na watu wengine, nimeona picha. Nimwambie nini bila kuharibu urafiki?

JIBU: Urafiki ameshauharibu yeye alipoenda Prague na hela yako. Mtumie ujumbe mmoja, sio kwenye grupu, mwenyewe, na kiasi kamili na namba ya akaunti yako na tarehe. Mfano, "nakudai euro kadhaa za hosteli ya Berlin, naomba kabla ya ijumaa". Usiongeze vichekesho mwishoni wala usianze na pole kwa usumbufu, msumbufu hapo sio we. Asipojibu basi hesabu umelipa ada ya kumjua, safari nyingine hayupo.

Huyo aliyeumwa usiku wa mwisho ni kesi nyingine. Kitanda cha bei rahisi mara nyingi hakirudishwi hela, na hilo mngekubaliana mwanzo, anayejitoa dakika za mwisho kitanda chake analipa mwenyewe hata kama anaumwa kweli. Kama hamkukubaliana, gawaneni hiyo hasara mliobaki muendelee na maisha.

Kuanzia sasa fanyeni kama chama cha kina mama. Hela kwanza halafu ndo mtu anabuk. Kila mtu anatuma kwenye akaunti ya mmoja, zikifika zote ndo kidole kinabonyeza, hela ya nani haijafika huyo hajahesabiwa. Huko hamna M-Pesa, lakini benki nazo siku hizi zinatuma hela papo kwa papo, kwa hiyo mtu asijifiche kwenye "nitakutumia". Chakula cha njiani kila mtu abebe chake. Na jumapili maduka mengi Ujerumani yamefungwa, utabaki na vile vibanda vya stesheni na bei zake, nunueni jumamosi.

SWALI: Anti mi nikiweka tu picha status, siku hiyohiyo simu zinaanza. Juzi nilikuwa Heidelberg na wenzangu tumekaa tu kwenye ngazi tunakula mkate tuliotoka nao nyumbani, mjomba akanipigia eti kwa kuwa nakula bata Ulaya nimtumie karo ya binamu. Nifiche picha?

JIBU: Ficha. Wasap ina sehemu ya kuchagua nani aone status, ukimtoa mjomba hapewi taarifa. Najua wengine watasema mimi nafundisha watu kuficha ndugu, sawa, lakini mjomba akipiga hesabu anaona 280 mara shilingi za kwetu zinatoka zaidi ya elfu arobaini za Kenya kwa mwezi, chakula na malazi bure, anajiuliza hela inaenda wapi. Hajui kahawa moja ni bei gani huko. Mama yako mwambie ukweli wa posho yako, tarakimu kwa tarakimu, mpangie kiasi ambacho unaweza kila mwezi hata kiwe kidogo, halafu maombi mengine yote yapitie kwake. Kina mama wanajua kukataa kwa niaba ya mtu kuliko sisi.

SWALI: Kibali changu ni cha Ujerumani, naweza kwenda London wikendi?

JIBU: Hapana. Uingereza haimo Schengen, Mtanzania au Mkenya anahitaji visa yao yenyewe, na ada yake itakula sehemu kubwa ya posho yako ya mwezi mmoja hata kabla ya nauli. Dublin nako vilevile visa tofauti. Prague, Warsaw, Vienna, Zurich, kote huko ruksa, ila ukifika Zurich zima data, Uswisi haimo Umoja wa Ulaya na baadhi ya laini za Ujerumani zinakukata hela huko kama uko bara lingine.