Daktari wa akili kwa simu: jibu kwa dada wa Mpanda

Dada, nimesoma uzi wako mara mbili. Kwa wanaoanzia hapa: ana mdogo wake wa kike, miaka 23, yuko nyumbani Mpanda. Miezi michache nyuma binti alikuwa halali usiku, anaongea mfululizo, ada ya chuo akainunulia nguo za kugawa kwa marafiki. Sasa kajifungia chumbani, chakula hagusi, analia. Alijaza maswali ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, kwenye intaneti akapata 19. Binamu yao aliye Marekani anasisitiza watumie programu ya huko, na kuna "dokta" wa Facebook ameahidi kutuma dawa kwa basi akishalipwa. Swali lake ni kama bingwa anayetibu kwa simu yupo kweli, na atamtambuaje.

Yupo. Kaka yangu ana baipola, ugonjwa wa akili unaomrusha mtu juu akachangamka kupita kiasi, kisha unamshusha kwenye sonona. Tunaishi Sumbawanga, na kwa miaka kadhaa sasa anahudumiwa kwa video na bingwa aliye Dar. Gharama yake kwetu ni pungufu ya nauli ya watu wawili kwenda Dodoma na kurudi, ukiacha gesti na chakula. Nchi hii mabingwa wa akili hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja, na wengi wako Dar na Dodoma, kwa hiyo sisi wa pembezoni ama tusafiri ama tushike simu. Mimi si daktari, naandika kama ndugu wa mgonjwa.

Nianze na hiyo 19, maana ndiyo imewatisha. Maswali aliyojaza, kwa maelezo yako, ni yale tisa yanayoitwa PHQ-9. Alama za juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 huwa inashauriwa mtu aonwe na mtaalamu. 19 ni nyingi, msipuuze. Ila hayo maswali yanauliza wiki mbili zilizopita tu. Hayajui habari ya zile nguo alizogawa. Na sonona ya mtu mwenye baipola haitibiwi kama sonona ya kawaida: ukimpa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumrusha juu. Sisemi mdogo wako ana baipola. Nasema daktari asiyeuliza kuhusu kile kipindi cha kutolala hajamwona mgonjwa. Halafu angalieni alijibu nini kwenye swali la tisa. Linauliza kama mtu anawaza ni heri afe au ajidhuru. Kama jibu si sifuri, acheni kutafuta mtandao, mpelekeni hospitali leo, na dawa zote za nyumbani, sumu ya panya na dawa za shamba zitoke ndani.

Sisi tulipitia mikononi mwa daktari wa namna hiyo, asiyeuliza, kabla ya kumpata huyu wa sasa. Alisikiliza sauti mbili za WhatsApp, akasema sonona, akatuandikia dawa ya sonona na Valium ya usingizi. Hakuuliza kama kaka amewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi, na amekuwa nazo tangu sekondari. Haikupita muda kaka akawa anahubiri stendi saa nane usiku bila viatu. Nikampigia yule bwana, akasema ongezeni Valium.

Huyu wa sasa, siku ya kwanza alitukalisha karibu saa nzima na hakuandika dawa hata moja. Aliongea na kaka peke yake, mimi nikatoka nje. Kisha akaongea na mimi, lakini baada ya kumwomba kaka ruhusa mbele yangu. Akauliza kama aliwahi kuanguka akaumia kichwa, kama ana kifafa, kama anavuta bangi, ukoo wetu una nani mwenye matatizo kama haya, kama kuna ndugu aliyejiua. Akataka tuweke maboksi yote ya dawa mbele ya kamera, hata zile za kienyeji kwenye chupa ya maji ya Uhai. Akauliza hospitali iliyo karibu inaitwaje, na usiku kaka akibadilika nani ana gari. Mwisho akatuma barua yenye jina lake kamili na namba yake ya usajili, tuipeleke hospitali ya mkoa wampime damu, ini, figo, tezi ya shingo, sukari, malaria na VVU. Nilikereka. Nimelipa hela, nataka dawa, naambiwa nikapange foleni maabara.

Leo hicho ndicho kipimo changu kikubwa: anayejua kazi yake anakutuma hospitali. Tezi ya shingo ikienda vibaya inaweza kumfanya mtu aonekane ana sonona au kapandwa na wazimu. Dawa ya baipola kama valproeti inataka ini liangaliwe. Litiamu, nayo ya baipola, ndiyo kabisa, kiwango chake kwenye damu kinapimwa mara kwa mara pamoja na figo na tezi, kwa sababu dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana. Anayeandika litiamu kwa simu bila kutaja maabara, kata simu.

Kwa mdogo wako kuna jambo zito zaidi, kwa kuwa ni msichana wa miaka 23. Valproeti ikitumiwa na mjamzito inaweza kumletea mtoto ulemavu wa kuzaliwa, hata wa uti wa mgongo, na matatizo ya akili kukua. Kabamazepini, dawa nyingine ya baipola, inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi na vijiti vya mkononi. Daktari lazima aulize habari za hedhi, mimba na uzazi wa mpango, na amwulize yeye bila mama wala kaka kusikiliza. Asipouliza, ulizeni ninyi, mwone anavyojibu.

Usajili ndio sehemu rahisi. Mwombe jina kamili na namba ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha hakikisha kwenye orodha ya baraza lenyewe. Zanzibar wana baraza lao. Wakenya mnaosoma hapa mnalo baraza lenu, KMPDC, unaingiza jina kwenye tovuti yao. Usiishie kwenye jina tu, kwa sababu matapeli wanachukua picha na jina la daktari wa kweli wakafungulia ukurasa. Mimi nilipiga simu mapokezi ya hospitali anayosema anafanya kazi nikauliza kama yupo na kliniki yake ni siku gani. Angalia pia malipo: Lipa Namba yenye jina la kliniki na risiti ni afadhali kuliko namba binafsi ya mtu mwenye jina tofauti na la daktari. Na jua unaongea na nani. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wana kazi yao na wanaifanya vizuri, wa kuandika dawa ni daktari. Huyo wako wa Facebook anayetuma dawa kwa basi hahitaji kuchunguzwa, mblokisheni. Dawa za akili zinachukuliwa famasi kwa cheti, huko unaona boksi na tarehe ya kuisha.

Programu ya Marekani haitawasaidia kwa hili. Daktari wa kule anapewa leseni na jimbo, na leseni inafuata mahali mgonjwa alipo. Mgonjwa yuko Mpanda. Nyingine hata dawa haziandiki: BetterHelp, kwa mfano, ni ushauri nasaha tu. Hiyo hiyo mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya tume ya biashara ya shirikisho ya Marekani kuituhumu kuwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo. Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini uvujaji mkubwa ninaouona mimi uko kwenye magrupu ya WhatsApp, wagonjwa wanarekodiwa wakifanya vituko ili "dokta aone". Msimrekodi mdogo wenu. Daktari akitaka kuona, apige video.

Na video inaonyesha mengi, akitaka kuona. Kaka alipoanza haloperidoli, dawa ya kutuliza akili iliyopanda, shingo ilianza kukakamaa na mate yakawa yanamtoka. Mama akasema dawa imemgeuza gogo, tuache. Daktari akaniambia niweke simu mezani, kaka atembee hadi mlangoni arudi, anyooshe mikono, afungue na kufunga vidole haraka. Akapunguza dozi na kuongeza dawa ya kuondoa ule ugumu. Yote dakika chache, bando la kawaida. Asingeuliza, tungeacha dawa kimyakimya kama familia nyingi zinavyofanya.

Kuna mambo hayafai kwa simu hata daktari awe nani. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa, huyo ni malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo mpaka hospitali iseme vinginevyo. Mama aliyejifungua juzi akaanza kuongea visivyoeleweka. Anayekataa kula na kunywa kwa siku kadhaa. Aliyeshika panga. Kaka alipofika hapo mara moja, daktari wetu alikataa katakata kuongeza dawa kwa simu, akampigia daktari wa zamu hospitali ya mkoa wakaongea wenyewe.

Maombi endeleeni, sisi tunafunga na kusali pia. Mchungaji wetu tulimwambia mapema kwamba dawa haikatishwi, akaelewa. Wasiomwambia mchungaji ndio wanaoletewa mgonjwa aliyeachishwa dozi kanisani.

Kwa kesho nenda naye hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo Katavi, uliza huduma za afya ya akili. Hata kama bingwa hayupo, daktari au muuguzi aliyesomea afya ya akili anaweza kuanza kumwona na vipimo vinafanyika. Andika kwenye daftari: alianza lini kutolala, alitumia hela kiasi gani, alibadilika lini, dawa zote alizowahi kumeza, nani kwenye ukoo aliugua. Ukipata majibu ya damu uyapige picha vizuri, namba zisomeke. Kisha nifuate inbox nikupe jina la daktari wetu na kliniki yake, ulihakiki jina lake mwenyewe kwenye orodha ya baraza kabla ya kulipa. Ukipiga, muulize kwanza ada ya marudio na kama anajibu ujumbe kati ya kliniki moja na nyingine.