Barua za wasomaji: Watu wa pembeni wa Shivpalganj

Barua nyingi za toleo hili zinahusu Raag Darbari, riwaya ya Kihindi ya Shrilal Shukla iliyotoka 1968 na kupewa tuzo ya Sahitya Akademi mwaka uliofuata. Kwa ambaye hajaisoma: Ranganath, kijana msomi wa historia, anakwenda Shivpalganj, kijimji cha kubuni kaskazini mwa India, kupumzisha afya yake kwa mjomba wake Vaidyaji. Mjomba ni tabibu wa dawa za asili. Ni meneja wa shule pia, chama cha ushirika kimo mkononi mwake, na baraza la kijiji analitolea macho. Wengine wote wanaishi kivulini mwake, na hao ndio mliotuuliza.

*Swali: Nimefika robo ya kitabu na majina yamenichanganya. Nani ni nani?*

Usianze na jina, anza na kile kilichobandikwa kwenye jina. "Pahalwan" ni mpiga mieleka, kwa hiyo Badri Pahalwan na Chhote Pahalwan ni watu wa uwanjani: Badri ni mtoto mkubwa wa Vaidyaji, Chhote ni mwanafunzi wake wa mieleka. "Master" ni mwalimu: Khanna, Motiram. "Babu" hapa hana mvi wala wajukuu. Ni namna ya kumheshimu kijana wa watu au karani, na Ruppan Babu, mtoto mdogo wa Vaidyaji, ana umri wa miaka 18 hivi, kiongozi wa wanafunzi ambaye amelipenda darasa la kumi kiasi cha kukataa kulihama.

Kisha chukua karatasi, piga mistari uwe na safu tatu: jina, anakula kwa nani, anamwogopa nani. Jaza kila mtu anapoingia. Utaona safu ya pili inajaa jina la Vaidyaji, na wachache wasiomtegemea, kama Ramadhin Bhikhamkhervi, ndio wapinzani wake. Usiweke safu ya "mwema au mbaya", itabaki tupu.

Jambo moja tunalolipata bure sisi wasomaji wa Kiswahili: Vaidyaji ni kaka wa mama yake Ranganath, yaani mjomba hasa, si baba mdogo. Mpwa kwa mjomba hudekezwa, hula, hulala, wala hana sauti katika mambo ya nyumba ile. Ndiyo maana Ranganath anaona kila kitu na hazuii chochote.

*Swali: Kwa nini Langad asitoe tu hizo rupia akapata karatasi yake? Na mbona mwandishi anamrudisha kila mara?*

Langad si jina, ni kilema chake: kiguru. Anataka nakala ya hati kutoka ofisi ya tehsil, ngazi ya serikali inayoshughulika na ardhi na kodi zake. Karani wa nakala alitaka rupia 5, Langad akashikilia kwamba bei inayojulikana ni 2. Angalieni vizuri hapo, maana wengi husoma haraka na kumfanya mtakatifu. Ugomvi haukuanza kwa kukataa rushwa, ulianza kwa kubishania bei yake. Walipokosana ndipo kila mmoja akala kiapo: Langad hatatoa kitu na atapata nakala kwa kanuni, karani naye hatapokea kitu na atamtolea kwa kanuni hiyo hiyo.

Basi kanuni ikaanza kazi. Ombi la nakala lina sehemu nyingi za kukwama: stempu za ada zikipungua, linakataliwa, namba ya jalada ikikosewa, linakataliwa, nafasi moja kwenye fomu ikiachwa wazi, linakataliwa. Kasoro hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na asiyefika kuisoma kwa wakati huanza upya. Hakuna anayemdhulumu kwa ngumi. Hata nakala inapokuwa tayari hatimaye, yeye yuko kijijini mgonjwa, siku za kuichukua zinapita, inaharibiwa.

Kwa nini anarudi kila mara? Kwa sababu Langad ndiye saa ya kitabu. Kila anapochechemea barabarani, pima: amesogea hatua ngapi tangu mara ya mwisho, na watu wa barazani kwa Vaidyaji wamenufaika na nini katika muda huo huo? Shukla aliingia utumishi wa serikali wa jimbo la Uttar Pradesh mwaka 1949, na sehemu hizi zinaonyesha mtu anayeijua meza ya karani kutoka upande wa ndani. Tukiulizwa sura gani za kurudia kusoma, tutataja za Langad kabla ya zote.

*Swali: Sanichar ni kichekesho tu?*

Anaanza hivyo: nguo ya ndani, fulana iliyotoboka, kazi yake kusaga bangi ya kinywaji barazani kwa Vaidyaji. Jina lake la kweli ni Mangaldas. Mangal ni Jumanne, tena ni neno la heri. Sanichar ni Jumamosi, siku ya Zohali, sayari ya nuksi. Watu wamemvua heri wakamvika nuksi, naye anaitika.

Sasa mtu huyo anasimamishwa kugombea uenyekiti wa baraza la kijiji. Vaidyaji anapotambua kwamba baraza lina fedha na mamlaka, hahitaji kiti, anahitaji makalio yatakayokikalia kwa niaba yake. Mbinu ya ushindi nayo imekopwa kijiji kingine: saa ya msimamizi wa uchaguzi inayokwenda mbele, wapiga kura wa upande mmoja wakajua mapema, wa upande wa pili wakakuta mlango umefungwa. Hapana damu, hapana wizi wa masanduku. Msomaji anayemcheka Sanichar kwa fulana yake amecheka mapema mno.

*Swali: Katika tafsiri, Mkuu wa shule anaonekana mpiga kelele wa kawaida. Tunakosa nini?*

Mnakosa lugha yake. Akiwa ametulia hutumia Kihindi cha ofisini. Akipandwa na hasira au furaha huteleza kwenye Kiawadhi, lugha ya nyumbani kwao. Ukimsoma kwa Kihindi, koti la ofisini linamvuka kabla hajamaliza sentensi. Gillian Wright alipoitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1992 alifanya kazi kubwa, lakini mruko huo hauna pa kutua katika lugha nyingine. Mkisoma, kila anapofoka jiulizeni amehama lugha au la.

Tena, neno "koleji" linalotumika kwa shule hiyo lisiwapoteze. Ile ni shule ya kufika darasa la 12, si chuo kikuu. Ndiyo maana Master Motiram anaweza kufundisha sayansi kwa mifano ya kinu chake cha kusaga unga, halafu akaliacha darasa akaenda kukiangalia kinu chenyewe.

*Swali: Bela je?*

Hapa kitabu kimepungukiwa. Bela, binti wa mfanyabiashara Gayadin, anafika kwetu kwa uvumi, kwa wanaume wanaomtaka, na kwa barua ya mapenzi iliyoshonwa kwa mistari ya nyimbo za filamu. Yeye mwenyewe hasikiki. Wapo wanaosema ukimya huo nao ni kejeli, kwa kuwa mji wenyewe hauwasikii wanawake. Hatukubaliani: Langad naye hasikilizwi, lakini msomaji anamsikia.

*Swali: Naandika riwaya ya kejeli, na wahusika wangu wadogo wote wanakuwa vikaragosi. Nijifunze nini hapa?*

Mwangalie Gayadin. Walimu wanamwendea wakilalamika kwake kuhusu maadili, naye anawaonyesha kitanda cha mbao kilichotupwa pembeni: hayo ndiyo maadili, siku ya mkutano yanatandikwa shuka safi, mtu anapanda juu kuhutubia. Maneno yale ni makali, ila yanatoka kwa mtu mwoga, mkopeshaji asiyetaka ugomvi na yeyote. Kikaragosi husema kile mwandishi anachotaka kusema. Gayadin anasema kinachomfaa Gayadin, yaani sababu ya kutofanya lolote.

Au mtazame Kusahar Prasad, ambaye mwanawe Chhote humpiga. Mwandishi dhaifu angeishia kwenye kipigo. Shukla anatuambia kwamba katika ukoo ule watoto kuwapiga baba zao ni desturi ya vizazi, kisha kesi inafika mahakama ya kijiji na kugeuka vurugu. Uovu umepewa nasaba.

Kwa hiyo mpe kila mhusika mdogo kazi yenye saa zake, kitu anachokitaka chenye bei, na hoja ambayo yeye mwenyewe anaiona ya haki. Halafu futa kila sentensi inayomcheka. Ukikuta hajabaki na kitu, hukuwa na mhusika.